Django Reinhardt: Mcharaza Gitaa wa Vidole Viwili

Ukurasa wa wasifu katika majarida kama haya aghalabu hutengewa malenga, wapigania uhuru na viongozi wa nchi. Hilo ni jambo jema, lakini mimi safari hii nimeomba nafasi nivuke bahari hadi Ulaya, niwaletee habari za mtu ambaye hakuketi darasani ipasavyo, ambaye hadi utu uzima hata jina lake alikuwa hawezi kuliandika, na ambaye hadi leo wacharaza gitaa wa dunia nzima humpa shikamoo. Jina lake ni Django Reinhardt. Alizaliwa mwaka 1910, akaiaga dunia mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 43 tu.

Najua kuna watakaoguna. Eti jazi? Si huo ni muziki wa wazee wa hotelini? Ngojeni kwanza. Neno hilo si geni kwetu hata kidogo. Hapa Afrika Mashariki na kule Kongo bendi chungu nzima zilijibandika jina hilo: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Shirati Jazz, Victoria Jazz, na ile OK Jazz ya Franco iliyoundwa mwaka 1956. Nyingi kati ya hizo zilipiga rumba au benga wala si jazi ya Kimarekani. Jina lilimaanisha tu bendi ya kisasa. Jazi yenyewe ilizaliwa miongoni mwa watu weusi wa New Orleans, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa yake kubwa ni kwamba mpigaji haandikiwi kila kitu kwenye karatasi. Hupewa wimbo, kisha huachiwa uwanja autunge upya papo hapo mbele ya watu, kama malenga wawili wanaojibizana kwa mashairi jukwaani bila ya kuandika chochote. Ukiwa huna kitu kichwani, utaumbuka.

Sasa, katika bendi nyingi za siku hizo gitaa lilikuwa kama utingo wa matatu. Tarumbeta na saksafoni ndizo zilizoshika usukani, nalo gitaa likaning'inia mlangoni likigongagonga mdundo. Mmarekani Eddie Lang na wengine wachache walikuwa wameanza kulipa gitaa sauti yake, lakini aliyelikalisha kwenye kiti cha dereva huko Ulaya, tena kwa namna ambayo Wamarekani wenyewe walibaki vinywa wazi, ni huyu Django.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 huko Liberchies, kijiji cha Ubelgiji, ndani ya nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na farasi. Jina lake la kitabuni lilikuwa Jean. Watu wake ni Manouche, tawi moja la Waroma. Tafadhali msichanganye Waroma na Warumi wa Italia. Hawa ni jamii ambayo mababu zao walihama kutoka India kaskazini karne nyingi zilizopita, wakatawanyika Ulaya nzima, na popote walipofika walitazamwa kwa jicho la pembeni. Wengi wao walikuwa wakihama hama, wakiuza farasi, wakisuka vikapu, wakitengeneza vyombo na kupiga muziki. Wenyeji waliwapenda siku ya arusi walipotaka fidla, halafu asubuhi yake wakawaita wezi. Sidhani tunahitaji kwenda Ulaya ili kuelewa mambo ya namna hiyo.

Baba yake alikuwa mwanamuziki na mama yake alikuwa mcheza ngoma. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza jamaa hao walizunguka hadi Italia na Algeria, kisha wakaja kutua nje ya kuta za kale za jiji la Paris, katika ukanda wa vibanda na matope uliojulikana kwa jina la la Zone. Huko ndiko Django alikolelewa. Shule aliiona kwa mbali. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alipata banjo yenye shingo kama ya gitaa, na tangu siku hiyo kwisha habari yake. Hakuwa na mwalimu wa kumwandikia noti ubaoni. Alikaza macho kwenye vidole vya wakubwa, akarudi kibandani na kurudia hadi nyuzi zikamtii.

Akiwa na miaka 13 kijana huyu alikuwa tayari anapata riziki katika kumbi za dansi za Paris, akiwasindikiza wapigaji wa akodioni. Waliowahi kuona mwomboko wanakijua chombo hicho: kile kinanda cha kifuani kinachovutwa na kusukumwa. Mwaka 1928 alirekodi santuri zake za kwanza akiwa na mpiga akodioni Jean Vaissade. Kwa kuwa Django hakujua herufi za jina lake mwenyewe, waliochapa waliandika kama walivyosikia, na santuri ikatoka na jina la Jiango Renard! Unaweza kucheka, lakini hebu fikiria kijana wa miaka 18 ameshika mkononi santuri yake ya kwanza, na jina lililo juu yake si lake, wala yeye hajui kwamba si lake.

Mwaka huohuo sifa zake zilimfikia Jack Hylton, kiongozi wa bendi maarufu ya Uingereza. Bwana Hylton alivuka bahari hadi Paris, akamsikiliza na kumpa kazi palepale. Ilibaki kufunga virago tu. Lakini ajali haina kinga.

Django alikuwa ameoa kwa desturi za kwao. Mkewe, Bella, alikuwa akijipatia senti kwa kutengeneza maua ya bandia, na usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 1928 nyumba yao ya magurudumu ilikuwa imejaa maua hayo tele. Yalikuwa ya seluloidi, aina ya plastiki ya zamani ambayo hushika moto kama petroli. Django alirudi kutoka kazini usiku wa manane. Mshumaa ukaanguka kwenye maua. Kufumba na kufumbua nyumba nzima ilikuwa ndimi za moto. Alinyakua blanketi kwa mkono wa kushoto akajikinga nalo, na wote wawili wakafaulu kutoka nje. Bella, ambaye alikuwa mja mzito, aliponea chupuchupu. Django aliungua vibaya mguu na ubavu wa kulia, na ule mkono wa kushoto ulioshika blanketi ukawa si mkono tena.

Madaktari walitaka kuukata mguu. Jamaa zake wakakataa katakata, wakamhamisha. Alikaa kitandani na katika matibabu kwa muda wa miezi kama 18 hivi. Mguu ukapona. Mkono ukapona kwa kiasi chake: kidole cha pete na kidole cha mwisho vilijikunja kuelekea kiganjani, kano zikiwa zimekauka kwa moto, visinyooke tena maishani mwake. Kwa wale wasiopiga gitaa ni lazima nieleze uzito wa jambo hili. Mkono wa kulia hukung'uta nyuzi tu. Mkono wa kushoto ndio unaochagua sauti kwa kubana nyuzi shingoni mwa gitaa. Mpigaji wa kawaida hutumia vidole vinne kwa kazi hiyo, na bado huona havitoshi. Mimi mwenyewe najifunza gitaa, na nimewahi kujaribu kupiga kwa kidole cha shahada na cha kati pekee. Jamani! Hata wimbo wa chekechea ulinishinda.

Ndugu yake mdogo Joseph, aliyezaliwa mwaka 1912, ndiye aliyempelekea gitaa hospitalini. Namtaja makusudi kwa sababu wengi humsahau. Hapo kitandani Django alianza upya kama mtoto anayetambaa. Wenzake walikuwa wakisogeza vidole kukatiza shingo ya gitaa, kutoka uzi hadi uzi, palepale mahali pamoja. Yeye, kwa kuwa na vidole viwili, alijifunza kukimbia kwa urefu, juu na chini ya shingo, kidole kimoja kikiruka mwenzake, kwa kasi ambayo macho hayawezi kuifuata. Vile viwili vilivyojikunja hakuvitupa. Alivipachika kwenye nyuzi nyembamba wakati wa kupiga sauti nyingi pamoja, na kwa kuwa havikuweza kukaa kila mahali alibuni mipangilio ya sauti ambayo haikuwa katika kitabu chochote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hata hivyo, hapa ndipo mimi ninapotofautiana na wasimulizi wengi. Utawasikia wakisema kwamba moto ule ndio uliomfanya awe bingwa, kana kwamba ulikuwa baraka iliyovaa kanzu. Sikubali. Jack Hylton hakuvuka bahari kutafuta mtu mwenye vidole viwili. Alimfuata kijana mzima, kabla ya moto, kwa sababu alikuwa tayari hana mpinzani. Moto ulimnyang'anya vidole viwili, ukamnyang'anya kazi ya Uingereza, na muda mfupi baadaye yeye na Bella wakaachana, hali mtoto wao wa kiume Lousson alikuwa amezaliwa mwaka 1929. Kilichomwinua ni yale maelfu ya saa aliyokaa na gitaa kifuani akiumia. Tukiusifu moto, tutakuwa tumempa moto jasho la mtu.

Baada ya kupona alishika njia kuelekea kusini ya Ufaransa pamoja na ndugu yake Joseph na Sophie Ziegler, aliyejulikana kama Naguine, mwanamke ambaye angekuja kuwa mkewe hadi kifo. Walipiga muziki mikahawani na kulala popote. Katika mji wa Toulon, mwaka 1931, msanii mmoja aitwaye Émile Savitry aliwasikia, akawakaribisha kwake na kuwachezea santuri kutoka Marekani: Duke Ellington, Joe Venuti na Eddie Lang, na Louis Armstrong. Inasimuliwa kuwa aliposikia tarumbeta ya Armstrong, Django alijishika kichwa akalia. Sioni ajabu. Alikuwa amekutana na muziki wa watu wengine waliodharauliwa, waliotoka mbali, ambao nao hawakungoja ruhusa ya mtu.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1934 alikuwa katika bendi ya Louis Vola iliyowatumbuiza matajiri katika Hotel Claridge mjini Paris. Katika bendi hiyo kulikuwa na mpiga fidla aitwaye Stéphane Grappelli, Mfaransa mwenye baba Mwitalia, naye alikuwa ameonja ufukara utotoni. Siku moja wakati wa mapumziko Grappelli alikatikiwa na uzi wa fidla. Akiwa nyuma ya pazia akiufunga mwingine, alipigapiga vipande viwili vitatu vya jazi ili kuujaribu. Django akaitikia kwa gitaa. Wakapendezwa. Kesho yake wakarudia, Joseph akaingia na gitaa la pili, Vola na besi yake, na baadaye Roger Chaput na gitaa la tatu. Basi ikawa ni magitaa matatu, fidla moja na besi moja. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna piano! Bendi ya jazi isiyo na ngoma siku hizo ilikuwa kama ugali bila unga.

Vijana wapenzi wa jazi waliokuwa wameunda chama chao, Hot Club de France, wakiwemo Pierre Nourry, Charles Delaunay na Hugues Panassié, waliipigania bendi hiyo kwa hali na mali. Desemba 1934 kampuni ya Ultraphone ikawarekodi nyimbo za kwanza kwa jina la Quintette du Hot Club de France, yaani kikundi cha watu watano. Zilisambaa Ulaya kama moto wa nyikani. Wamarekani weusi waliopita Paris, mabingwa wenyewe, kama Coleman Hawkins na Benny Carter, walimtafuta warekodi naye. Mwaka 1937 kikundi kikarekodi Minor Swing, kibao ambacho hadi leo kila mwanafunzi wa mtindo huo lazima akijue, kama sisi tunavyolazimika kuzijua ngeli.

Gitaa alilopenda lilitoka kwa kampuni ya Selmer ya Paris, kwa ubunifu wa fundi Mwitalia Mario Maccaferri. Halikuwa la umeme, lakini lilitoa sauti kali ya kupenya kelele za ukumbi. Ukisikiliza santuri hizo utasikia Joseph na mwenzake wakikata mdundo kwa nguvu, chaka, chaka, chaka, wakifanya kazi ya ngoma, huku Django akipaa juu yao. Nilisema wengi humsahau Joseph. Ndiye aliyeshika mdundo miaka nenda miaka rudi bila ya mtu kumpigia makofi, na mara nyingine ndiye aliyembebea kaka yake gitaa. Bila mdundo ule, kaka angepaa juu ya nini?

Nisimfanye Django malaika. Alikuwa na pesa za mkupuo na alizimaliza kwa mkupuo: kamari, mavazi, magari. Aliweza kualikwa ukumbini, watu wamelipa, wamejaa, yeye akaonekana akicheza biliadi mahali, au akavua samaki, au asionekane kabisa. Grappelli, mtu wa saa na utaratibu, alipata taabu kubwa. Hata hivyo ni Grappelli huyohuyo aliyemfundisha kuandika jina lake. Hiyo ni picha ninayoipenda kuliko zote katika maisha yao: watu wawili wazima, mmoja mcharaza gitaa hodari kuliko wote Ulaya, wameinamia karatasi kama darasa la kwanza, herufi baada ya herufi.

Septemba 1939 walikuwa London katika ziara wakati vita vilipotangazwa. Django akakimbilia Paris mara moja. Grappelli, ambaye alikuwa mgonjwa, akabaki Uingereza, na hawakuonana tena kwa zaidi ya miaka sita. Tarehe 14 Juni 1940 majeshi ya Hitler yakaingia Paris.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana watu wengi huipita sehemu hii kwa haraka. Wanazi waliwahesabu Waroma kuwa watu wa damu chafu, na wakaamua kuwamaliza. Idadi ya waliouawa inakadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 500,000. Nchini Ufaransa hata kabla ya Wajerumani kuingia, amri ya serikali ya Aprili 1940 ilikuwa imewapiga marufuku kuhamahama, na maelfu wakafungiwa katika kambi kama ile ya Montreuil-Bellay. Wa mwisho wao waliachiliwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha mwaka mzima. Serikali ya Ufaransa ilikuja kukiri hadharani wajibu wake katika jambo hilo mwaka 2016, kupitia Rais François Hollande. Miaka 70!

Katikati ya hayo yote, Django, Mroma, mpiga muziki wa watu weusi ambao Wanazi waliulaani, alikuwa nyota mkubwa wa Paris. Jina lake lilikuwa limebandikwa kutani. Wafaransa walijaa kumbini kwa sababu jazi iliwaonjesha uhuru waliokuwa wamenyimwa, na maafisa wa Kijerumani nao, licha ya sera za mkubwa wao, wengine waliketi viti vya mbele. Mmoja wao, Dietrich Schulz-Köhn, alikuwa mpenzi sugu wa jazi na rafiki wa wanamuziki. Kwa kuwa Grappelli hakuwepo, Django alimweka Hubert Rostaing na klarineti mahali pa fidla, akaongeza ngoma, na mwaka 1940 akarekodi kibao chake Nuages, maana yake mawingu. Ni wimbo wa taratibu, usio na kelele wala hasira, wenye huzuni kama ya mtu anayetazama nje dirishani. Wafaransa waliukumbatia karibu kama wimbo wa taifa, hasa kwa vile wimbo wao wa taifa hawakuweza kuuimba.

Je, alikuwa msaliti kwa kuendelea kupiga? Nimelijadili swali hili na wenzangu bwenini hadi taa zikazimwa. Mmoja alishikilia kuwa ndiyo, kwamba mtu hawezi kuwaburudisha wanaowaua ndugu zake. Mimi naona ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumhukumu mwenye njaa. Django hakuwaimbia Wanazi sifa. Mwaka 1943, walipomwekea shinikizo aende akapige Berlin, alijaribu kutorokea Uswisi. Akakamatwa karibu na mpaka. Inasimuliwa kuwa mkuu wa Wajerumani mahali hapo aliwahi kuwa shabiki wake, akamwachilia. Akajaribu tena, safari hii ni walinzi wa Uswisi waliomrudisha. Akarudi Paris na kuendelea na kazi, gitaa likiwa ngao yake ya pekee. Mwaka huo alifunga ndoa ya kiserikali na Naguine, na Juni 1944 wakapata mtoto wa kiume, Babik, aliyekuja kuwa mpiga gitaa naye. Lakini kwa kila Django mmoja aliyeokolewa na kipaji, kulikuwa na maelfu wasiojua kupiga chochote, na hao hawakuwa na afisa wa kuwatambua.

Vita vilipokwisha alikutana na Grappelli tena mjini London mwanzoni mwa mwaka 1946. Walichokifanya kwanza ni kuupiga wimbo wa taifa wa Ufaransa kwa mtindo wa jazi! Baadhi ya wakubwa serikalini hawakufurahi hata kidogo.

Mwaka huohuo Duke Ellington alimwalika Marekani. Django alikwenda bila gitaa, akidhani makampuni ya huko yatang'ang'aniana kumzawadia. Wapi! Ikabidi apige gitaa la umeme la kuazima ambalo hakulizoea. Alizunguka miji mingi na bendi ya Duke, na Novemba 1946 wakapiga siku mbili Carnegie Hall, New York, ukumbi wenye heshima kuliko yote. Siku ya kwanza alishangiliwa mno. Siku ya pili alikutana na Marcel Cerdan, bondia wa Kifaransa, wakazama katika mazungumzo ya nyumbani, na alipofika ukumbini onyesho lilikuwa limekaribia kwisha. Waandishi wa magazeti hawakumsamehe. Mwanzoni mwa mwaka 1947 alirudi Ufaransa akiwa amevunjika moyo.

Wengi humaliza hadithi yake hapo, na ni makosa. Vijana wa Marekani walikuwa wameleta jazi mpya, bibopu, ya kasi na sauti za kukwaruza. Wakongwe wengi waliikejeli. Django, kwa masikio yake yasiyochoka, aliisikiliza, akachukua gitaa la umeme na kuungana na vijana waliokuwa watoto alipokuwa tayari nyota. Mwaka 1949 yeye na Grappelli walirekodi kwa wingi mjini Roma, na mwaka 1951 akahamia Samois-sur-Seine, kijiji kilicho kando ya mto karibu na Fontainebleau. Huko alivua samaki, akachora picha, akacheza biliadi, na kwenda Paris kupiga muziki alipojisikia. Rekodi zake za mwisho, za Aprili 1953, ni za mtu ambaye bado anatafuta. Ukizisikiliza huwezi kudhani kuwa amebakiza mwezi mmoja.

Tarehe 16 Mei 1953, akitokea Paris, alishuka kwenye kituo cha reli cha Avon akatembea kuelekea nyumbani. Alipofika Samois akaanguka. Ilikuwa Jumamosi, na daktari alichelewa kupatikana. Damu ilikuwa imevuja ubongoni. Akafia hospitalini Fontainebleau siku hiyohiyo.

Kwa mila za Manouche, mali ya marehemu huteketezwa. Naguine aliteketeza vitu vyake vingi, lakini gitaa moja la Selmer, nambari 503, lilibaki, na mwaka 1964 akalitoa kwa makumbusho ya Paris, ambako limehifadhiwa. Joseph aliishi hadi mwaka 1982. Grappelli alifariki mwaka 1997, naye alipiga karibu hadi mwisho. Mwaka 1954 Mmarekani John Lewis alitunga wimbo wa maombolezo uitwao Django, na kundi lake la Modern Jazz Quartet likaurekodi. Mwaka 1968 tamasha la kumkumbuka lilianzishwa huko Samois. Miongoni mwa Manouche wenyewe, watoto hukabidhiwa gitaa wakiwa wadogo na hufundishwa jinsi alivyojifunza yeye, kwa jicho na sikio. Akina Stochelo Rosenberg na Biréli Lagrène walitoka katika chuo hicho kisicho na mlango. Kuna pia kijana wa Birmingham, Uingereza, Tony Iommi, ambaye mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili. Alikuwa amekata tamaa ya gitaa hadi msimamizi wake wa kazi alipomchezea santuri ya Django na kumweleza ilivyopigwa. Iommi alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akaendelea, na baadaye akaanzisha Black Sabbath, kundi la roki nzito. Muziki wao haufanani hata chembe na wa Django.

Kwa mwenye kutaka kumsikiliza, ushauri wangu ni aanze na Minor Swing ya mwaka 1937, kisha Nuages, halafu zile za 1953. Msikilize mara ya kwanza bila kufikiria vidole. Mara ya pili mfuate Joseph pale chini, chaka, chaka, chaka.